Kaseti Moja kati ya Kumi na Moja

Binti yake alifika kwetu Ilemela Jumanne asubuhi, vumbi la barabara ya Sengerema likiwa bado kwenye pindo la gauni lake. Hakutaka kukaa. Alisema baba yake amelazwa, ana uvimbe tumboni, na watampasua Jumatatu. Daktari mmoja, mtu asiyeficha maneno, alikuwa amewaambia wanandugu kwamba mwenye neno la kusema na mzee aliseme kabla ya siku hiyo.

"Anakusalimu sana, baba katekista. Anasema ana ombi moja."

Nilidhani ni mambo ya sakramenti. Nikamuuliza kama padri wa huko amempaka mafuta.

"Amempaka juzi. Siyo hilo. Anataka ule wimbo wake wa kutokea kanisani. Anataka kuusikia ukipigwa kwenye kinanda chenyewe, kile cha mabomba, mara moja tu kabla hawajamgusa. Anasema wewe unajua kaseti zilipo."

Nilijua zilipo. Nilijua pia kwamba Ijumaa zingefutwa.

Parokia nzima tulimwita Mwalimu, ingawa darasani alikwisha kutoka siku nyingi. Alikuwa Mkerewe, mfupi, mwenye vidole virefu visivyolingana na kimo chake, na alitupigia kinanda kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka magoti yalipomshinda akahamia kwa bintiye Sengerema. Kinanda chetu kilikuwa cha kukanyaga. Miguu ikisukuma, mivukuto inavuta hewa, na hewa inapita kwenye ndimi ndogo za shaba zilizofichwa ndani. Mimi sikuwahi kukigusa. Kazi yangu ilikuwa kufundisha dini na kuongoza nyimbo. Nilisimama ubavuni mwake nikiwaongoza waimbaji kwa mkono. Nyimbo zetu ziliimbwa chini sana. Watu wa parokia za jirani walitucheka, wakasema tunaimba kama mafahali walioshiba. Mwalimu hakuwajibu, na mimi nilidhani ni unyenyekevu.

Kila Misa ilipoisha, watu wakianza kutoka, alipiga wimbo mmoja, uleule, usio na maneno. Aliupata seminarini alipokuwa kijana, akaunakili kwa mkono kwa do-re-mi kutoka kwenye daftari la padri aliyemfundisha. Karatasi ile haikuwa na jina la wimbo wala la mtunzi. Alichoambiwa ni kwamba mtunzi alikuwa Mjerumani wa madhehebu mengine, aliyekufa zamani sana, na kwamba muziki wa namna ile, ambao wenyewe huuita wa baroki, uliandikwa kwa ajili ya vinanda vikubwa vya Ulaya ambavyo mabomba yake yanafika darini na mpigaji hutumia mikono na miguu. Mwalimu hakuwahi kuona kinanda kama hicho. Wala mimi.

Nieleze wimbo wenyewe, maana bila hivyo habari hii haieleweki. Unaanza na sauti moja peke yake, juu. Ikishamaliza maneno yake, ya pili inaingia chini kidogo na kusema yaleyale, ya kwanza ikiendelea na mengine. Halafu ya tatu. Mwisho inaingia ya chini kabisa. Ni kama watu wanaolima shamba moja kwa zamu: wa kwanza anashika tuta, wa pili anashika la kwake akiwa nyuma hatua chache, na baada ya muda shamba zima lina majembe yanayopanda na kushuka bila kugongana. Sauti ile ya kwanza ilipanda do, mi, so, do ya juu. Hapo ikanyamaza, kama mtu aliyevuta pumzi. Kisha ikarudi do na kuanza kushuka. Sauti zilizofuata hazikunyamaza. Zilipita moja kwa moja.

Kimya kile kilikuwa changu. Nasema changu kwa sababu nilikuwa nimekifanyia mafundisho. Kwa miaka mingi niliwaambia wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa: sikilizeni wimbo wa Mwalimu, yule wa kwanza anayeongoza hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea, anamsikiliza Mungu, ndipo wengine wanamfuata kwa usalama. Baba wa familia na awe hivyo. Mwenyekiti wa jumuiya na awe hivyo. Watu waliitikia kwa vichwa, na akina mama wazee, wakati wimbo ukipigwa, walivuta pumzi mahali pale pamoja na kinanda.

Kaseti zilikuwa kumi na moja, ndani ya sanduku la mbao. Aliziacha padri mmoja mzee aliporudi kwao Ulaya, mtu aliyependa vinanda kuliko chakula. Zote zilikuwa za muziki huo, na juu yake kulikuwa na mwandiko mdogo wa lugha ya kwao ambao hakuna aliyeuweza. Zilikaa ofisini parokiani miaka minne. Kisha zikaja zile siku za ruksa, maduka yakafunguka kila kona, kwaya za mjini zikaanza kurekodi na kuuza, na kwaya yetu nayo ikataka. Nyimbo zilikwisha kurekodiwa. Zilihitajika kaseti za kunakilia, na Jumapili ya wiki ileile kulikuwa na tamasha la kwaya ambako zingeuzwa. Baba Paroko, kijana wa huku huku, aliona kaseti zinakula vumbi, akazitoa.

Siku ileile nilikwenda kwa katibu wa kwaya. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, muuza mitumba, mwenye sauti ya kumwita mteja akiwa ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo baba katekista."

"Marahaba. Nimekuja kuhusu zile kaseti."

"Aa, baba, usinifanyie hivyo. Fundi amenipa Ijumaa mchana. Nikikosa Ijumaa, tamasha tunakwenda mikono mitupu, tukaimbe bure kama ndege."

Nikamweleza habari za Mwalimu. Alikunja blauzi moja mara tatu. Mwalimu alikuwa amemfundisha sauti ya kwanza akiwa mtoto.

"Chukua zote leo," akasema. "Lakini Ijumaa saa sita uniletee kumi. Moja ibaki kwako. Moja, baba, siyo mbili."

Hivyo nilikuwa na siku mbili na nusu, saa kumi na kitu za muziki, na mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Jumatano tulipata umeme asubuhi mpaka adhuhuri. Alhamisi hatukupata kabisa. Nilinunua betri sita kubwa na kuzitunza kama mayai. Kila nilipopumzika nilizitoa kwenye redio yangu ya kaseti na kuzipanga juani juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba, maana jua huzirudishia nguvu kidogo. Kurudisha mkanda nyuma nilifanya kwa kalamu ya wino, nikizungusha kwa mkono ili nisile betri.

Nilichukua daftari la mahudhurio ya wakatekumeni nikaligeuza nyuma. Kila kaseti niliipa namba na kuandika nilichosikia. Kaseti ya kwanza ilikuwa ya vishindo, kinanda kinanguruma mpaka kuku wakakimbia. Ya pili ilikuwa tamu lakini nyimbo zake zote zilianza na sauti nyingi kwa pamoja. Ya tatu mkanda ulikuwa na ukungu, ukalia kama mtu anayesaga meno. Nilisikiliza nimeinama, sikio kwenye spika, na kila sauti moja ilipoanza peke yake niliifuata noti kwa noti. Do, mi, so... hapana, huyu anashuka. Do, re... hapana.

Sikuwa nimejua kwamba nyimbo za namna ile ni nyingi kiasi hicho. Nilidhani upo ule mmoja wa Mwalimu. Kumbe watu wa zamani wale walikuwa wametunga mamia, na zote zinaanza na mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Niliposikia ya kumi ya namna hiyo masikio yalianza kunidanganya. Mke wangu alinikuta nimekaa na kichwa mikononi.

"Baba, umekula?"

"Niimbie wimbo wa Mwalimu."

"Niimbe nini tena?"

"Ule wa kutokea. Nimeupoteza kichwani. Niimbie mwanzo."

Akasimama mlangoni na sufuria mkononi, akaimba. Do, mi, so, do. Akavuta pumzi. Akashuka. Namshukuru Mungu kwa mwanamke yule kwa mambo mengi, na hilo ni mojawapo. Lakini pia ndilo lililonimaliza, maana sasa nilikuwa na uhakika wa pumzi ile kama wa Baba Yetu.

Alhamisi alasiri nilifika kaseti ya saba. Upande wa kwanza, karibu na mwisho, sauti moja ilianza peke yake. Do, mi, so, do ya juu. Nikasimama wima. Kisha ikagusa noti nyingine ya juu zaidi, ikarudi, ikashuka, yote kwa haraka kama mtu anayeteremka mlima akikimbia. Ya pili ikaingia. Nikasubiri. Wakati huohuo ndege ya mizigo ilipita juu yetu ikishuka uwanjani kuchukua minofu ya sangara, na kwa dakika nzima sikusikia kitu ila injini. Ilipotulia, nilirudisha mkanda kwa kalamu nikasikiliza mwanzo tena. Haikuwa na kimya. Nikaandika kwenye daftari, na maandishi hayo ninayo mpaka leo: *Ya 7, upande wa kwanza. Inafanana sana. Haina pumzi, inakimbia. Siyo.*

Kaseti ya tisa ndiyo iliyonipa furaha. Kulikuwa na wimbo wa polepole, sauti moja ikipanda hatua kadhaa, ikanyamaza, ikashuka. Hatua hazikuwa zilezile hasa. Lakini kimya kilikuwapo, na mwendo ulikuwa mwendo wetu. Nilijiambia kwamba Mwalimu alinakili akiwa kijana, huenda alikosea noti mbili tatu; moyo wa wimbo ndio huu. Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikashukuru. Ijumaa saa sita nilimpelekea katibu kaseti kumi, naye akaniambia Mungu akubariki, baba, wewe ni mtu wa neno.

Jumamosi nilipanda kivuko cha kwanza kwenda Sengerema, redio kwenye kikapu, betri zimefungwa kwenye kitambaa kifuani kwangu zisipate baridi.

Mwalimu alikuwa amekonda. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na dirisha moja linalotazama mihogo. Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mfugaji aliyevunjika mguu, na huyo ndiye aliyenikaribisha kwa sauti kuliko mwenyeji wangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, katekista. Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Weka."

Nikaweka. Kinanda kikaanza, kizito, kizuri. Vidole vya Mwalimu vilikuwa juu ya shuka. Niliviangalia. Vilinyanyuka, vikasubiri, vikagusa mara moja, vikasimama. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni.

"Nzuri," akasema. "Siyo hii."

"Hii ni ya arusi au ya mazishi?" aliuliza mfugaji.

"Nyamaza wewe," Mwalimu alimwambia, bila kugeuza kichwa. Kisha kwangu: "Ulikuwa unatafuta nini ndani yake?"

"Nilitafuta kimya, Mwalimu."

"Kimya gani?"

"Pale mwanzo. Sauti ya kwanza inaponyamaza. Kabla ya kushuka."

"Katekista," akasema, "pale hakuna kimya. Pale pana re. Do, mi, so, do, *re*, do. Kile kibonye kilikuwa kimekufa. Ulimi wake wa shaba ulikatika, hata miaka miwili sijamaliza pale kwenu. Niliandika barua kuomba mwingine, haukuja. Unadhani nyimbo zote niliziteremsha kwa nini? Nilikuwa nakikimbia kibonye hicho. Wimbo ule mmoja tu sikuweza kuuteremsha, vidole vyangu viliujua kwa njia moja. Basi nikawa nabonyeza mti, hausemi."

"Mimi nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Ilinibidi niseme. Nilimwambia mafundisho yangu yote: kiongozi anayenyamaza, Mungu anayesema, baba wa familia, mwenyekiti wa jumuiya. Miaka yote ile. Mfugaji alikuwa ameinua kichwa chote kutoka kwenye mto.

"Mungu hakuwa pale," alisema Mwalimu. "Pale palikuwa na mende. Nilifungua siku moja nikawaona."

Mfugaji alicheka mpaka akashika mguu wake akilia. Mwalimu naye alianza kucheka, kisha akakunja uso akashika tumbo, na bintiye akasimama haraka. Kilipopita kile kichomi, alibaki amefumba macho.

"Miaka thelathini nimeiimba re ile kichwani," akasema. "Nilitaka niisikie nje ya kichwa. Mara moja."

Nilifungua daftari. *Ya 7, upande wa kwanza. Inafanana sana.* Nilimwomba ruhusa, nikamwambia nitarudi kesho, nikatoka wodini nikitembea, na nilipofika nje nikakimbia, mtu wa miaka hamsini na nne mwenye redio kwenye kikapu.

Kivuko kilikuwa kimeondoka. Nilisubiri kingine zaidi ya saa moja nikiwa nimesimama, maana nilipokaa nilijiona nikisubiri vibaya zaidi. Nilisali rozari, lakini kusema kweli midomo ilisali na kichwa kilikuwa kinahesabu: wamepeleka Ijumaa mchana, Ijumaa alasiri moja, mbili, leo asubuhi tatu, nne. Upepo ulikuwa umeinua ziwa kidogo na nahodha hakuwa na haraka yoyote.

Duka la kunakili kaseti lilikuwa karibu na soko, limebanwa kati ya fundi saa na muuza ndoo za plastiki. Niliisikia kwaya yetu kabla sijaliona duka. Ndani, fundi alikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa waya, na katibu wa kwaya amekaa kwenye kreti ya soda akibandika karatasi zenye jina la kwaya. Alikuwa amebandua mwandiko wote wa yule padri mzee. Vipande vilikuwa sakafuni.

"Baba katekista! Mwalimu vipi?"

"Ya saba. Iko wapi ya saba?"

"Ya saba ipi? Zote sasa ni za kwaya."

Nilipomweleza, aliweka gundi chini. "Si ulisema siyo? Baba, si wewe mwenyewe ulizileta ukasema hizi kumi siyo?"

"Mimi mwenyewe."

"Sasa tumekwisha kunakili nane."

Fundi, mtu mtulivu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza wimbo ulikuwa sehemu gani ya mkanda. Nikasema upande wa kwanza, mwishoni mwishoni.

"Kwaya yenu upande mmoja inachukua dakika ishirini na tano," akasema. "Mkanda una thelathini. Baada ya kwaya sifuti, naacha kama ulivyo. Kama bahati ipo, mkia wake utakuwamo."

Tukaanza. Alichukua moja moja, akaipeleka mbele mpaka kwaya iliposhusha amina yake, kisha tukasikiliza. Ya kwanza ilikuwa kishindo. Ya pili, kimya kitupu cha mkanda. Ya tatu, ile yenye ukungu. Katibu alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia anavyopumua. Ya nne haikuwa yenyewe. Ya tano, kwaya ilimaliza, pakalia mlio mdogo wa kukata, na mara sauti zote nne zikamiminika pamoja, kwa haraka, katikati ya jambo walilokuwa wakilisema tangu zamani. Majembe yote yako shambani. Niliijua. Mwanzo ulikuwa umefutwa. Sauti ya kwanza ikiwa peke yake haikuwapo tena, kwa kosa langu. Lakini wimbo ule karibu na mwisho una mahali ambapo sauti ya kwanza inarudi juu kabisa na kusema tena maneno yake yote, na kwenye kinanda chetu napo palikuwa na kimya. Nilishika meza ya fundi. Do, mi, so, do.

Re.

Ilikuwa noti fupi tu. Fundi alinitazama, akageuka kushughulika na waya.

"Ndiyo hii?" aliuliza katibu.

"Ndiyo hii."

"Chukua. Tutauza tisa." Akabandika karatasi ya kwaya juu yake, akaipigapiga kwa kiganja. "Ila mwambie asikilize na sisi kwanza. Asiruke. Nataka nijue anasemaje juu ya sauti ya kwanza."

Jumapili, baada ya Misa ya alfajiri, nilivuka tena. Nilimfikishia Mwalimu salamu na sharti. Nilimwambia pia, kabla ya kuwasha, kwamba mwanzo wake umefutwa, kwa sababu mimi nilikuwa nao mkononi nikauandikia *siyo*. Sikutaka asikie kwa mkanda kabla hajasikia kwangu.

"Re imo?"

"Imo moja. Ile ya mwishoni."

"Weka kwaya kwanza," akasema. "Ahadi ni ahadi."

Nilijuta kutokununua betri mpya, lakini maduka ya Sengerema niliyopita asubuhi ile yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako kanisani. Kwaya ikaimba. Mwalimu alisikiliza amekunja uso. "Wanashuka," alisema kwenye wimbo wa pili. "Mwambie huyo binti sauti ya kwanza wanashuka, wasiimbe wakiangalia chini." Kwenye wimbo wa nne alisema wako vizuri. Kwenye wa tano nilisikia kwaya ikizidi kuwa nzito. Betri zilikuwa zinakwisha. Nilitaka kuruka mbele, nikajua kuruka kunakula zaidi. Nilitaka kuzima nizipeleke juani, lakini nje kulikuwa na mawingu.

Kwaya ikafika amina, nzito kama ya mafahali. Mlio wa kukata. Kinanda kikaingia.

Haikuwa kasi niliyoisikia dukani. Ilikuwa inazama, sauti zote nne zikivutana kama watu wenye tope miguuni. Niliweka mkono kwenye kitufe.

"Usizime," alisema Mwalimu. Vidole vyake vilikuwa tayari vinatembea juu ya shuka. "Hii sasa ndiyo kasi yetu. Hivi ndivyo nilivyokuwa nakanyaga."

Vidole vilitembea bila kukosea; nilivitazama vile na kuitazama taa ndogo nyekundu ya redio, ambayo ilikuwa imefifia kama kaa la moto asubuhi. Sauti ya chini ikaingia, ikajivuta, ikapita. Kisha ya kwanza ikaanza kupanda kwa mara ya mwisho. Do. Mi. Mkanda ukayumba. So. Bintiye Mwalimu alishika chuma cha kitanda. Do ya juu, imepinda, imeshuka, lakini ni yenyewe. Kidole cha nne cha mkono wa kulia kilinyanyuka.

Re ikalia. Ilikuwa ya chini kuliko ilivyoandikwa na ilitetemeka, nayo ikakaa muda mrefu kuliko mtunzi alivyotaka, maana mkanda ulikuwa karibu unasimama. Kidole kilibaki kimeibonyeza shuka muda wote huo, mpaka ncha yake ikawa nyeupe.

Baada ya hapo zilibaki hatua chache za kufunga. Redio haikuzifikia. Ilitoa mgumio, taa ikazimika, kitufe kikabaki kimebonyea. Nilianza kuomba radhi, nikasema nitatafuta betri, nitagonga milango ya watu.

Mwalimu aliondoa kidole kwenye shuka. Akakunja mikono yake miwili kifuani kama alivyokuwa akifanya baada ya kufunika kinanda.

"Kaa chini, katekista," akasema. "Mwisho naujua."